Kipande

Saa tisa usiku, Winnipeg. Mto umekuwa barabara,
mchana watu huupita kwa viatu vya kuteleza.
Humu ndani mashine inanyonya damu ya mtu nisiyemjua,
seli moja moja, kama abiria mlangoni pembamba,
kila ipitayo inamulikwa na leza
inaniachia nukta kwenye kioo.

Nazitaka zile za kona ya juu, kushoto.
Vitabu huziita seli ziuaji asilia.
Jina zito kwa kitu kisichofika unene wa vumbi.
Mimi nawaita walinzi wasiofundwa.
Wenzao hupelekwa kumbini, kwenye tezi nyuma ya mfupa wa kifua,
hufundwa, hupimwa, wengi hawatoki.
Hawa hawakukaa kumbi lolote.
Wamezaliwa na swali moja mdomoni:

kipande chako kiko wapi?

Seli njema hukitundika nje, mlangoni.
Mlinzi anapita, anapapasa, anakwenda zake.
Asiye nacho haulizwi mara mbili.
Anatobolewa, kimya. Tone la sumu, basi.

Babu alikivaa chake shingoni, ndani ya kikopo cha bati,
kwenye mkonge wa Taveta. Bati lilimchubua,
na kovu tulilikuta tulipomwosha.
Changu ni kadi ya plastiki
yenye picha niliyokatazwa kutabasamu.

Sasa sikia ujanja wa kirusi.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako;
hiki hakikukaa nguoni, kiliivaa nguo yenyewe.
Kikishaingia, kinanyoosha mkono dirishani,
kinavuta ndani kipande cha kwanza, na cha pili,
ili askari waliofundwa wasikitambue.
Cha tatu kinakiacha kikining'inia.
Nusu uchi, nusu hati.
Mlinzi anafika, anapapasa,
anasita.

Mwaluma, kaka yangu, nadhani ulikufia hapo,
katika kusita huko.

Mwaka wa tisini na tisa, zahanati ilikuwa na panadoli na sala.
Shangazi alisema umelogwa. Jirani alisema umejitakia.
Mama alikulisha uji kwa kijiko cha peke yako,
na kila baada ya mlo alikificha juu ya kabati
nyuma ya taa ya chemli.
Hakuna aliyetuambia
kwamba ndani ya mbavu zile zilizohesabika
walikuwamo watu wako, wanakesha,
wanapapasa milango gizani tangu siku ya kwanza,
kabla ya homa, kabla ya aibu,
na kwamba waliua wengi, wengi mno,
kabla hawajachoka.
Tulikuita mdhaifu. Nisamehe. Sikujua kuhesabu.

"Sukari?" anauliza Corazon, kikombe mkononi.
Miwili, namwambia. Macho hayatoki kiooni.

Sampuli hii, sifuri nne moja saba,
iligandishwa kabla mwenyewe hajaanza vidonge.
Walinzi wake hawasiti.
Kile kipande cha tatu hakiwadanganyi,
wanakiangalia kama karani mzoefu
aangaliavyo mhuri uliochorwa kwa kalamu.
Kwa nini wake, si wako? Sehemu tunajua. Sehemu kubwa hatujui.
Si muujiza: kirusi nacho ni mwanafunzi,
kingepewa miaka kingewajulia.
Vidonge ndivyo vinavyompeleka kazini leo, popote alipo,
labda ndiye aliyenipisha jana mlangoni pa duka la mikate.

Naandika idadi. Naiandika tena, polepole,
kama mtu anayeandika jina.

Saa moja asubuhi bado ni usiku.
Kijiko kile ninacho; nilikiomba kwa Mama
nikavuka nacho bahari ndani ya soksi.
Ndicho nikorogeacho chai.

Basi linafika, limevaa barafu.
Nagusisha kadi, inalia, dereva hata haniangalii.
Naketi dirishani.
Vituo vitatu vimepita,
na mkono bado uko mfukoni, unapapasa
kama ipo.